UZI: Wacheza skii wanavyopanda na kushuka mwili kila msimu, na kwanini timu zetu za Tabora zinaishiwa pumzi ligi ikikolea

Kocha wa Isevya

Mwangaluka wakuu. Wana Tabora na nyie wa mwisho wa reli Kigoma, uzi huu ni mrefu lakini naomba muusome wote, hasa mnaofundisha timu za kata na za shule, maana kuna kauli moja naisikia kila kiwanja ninachopita nayo ni hii: "mechi ndo mazoezi". Ligi ikishaanza mazoezi ya mwili yanakufa, kocha anasema vijana wanacheza Jumatano na Jumapili inatosha, jioni zilizobaki ni kupiga danadana na kupanga mbinu. Ikifika mechi ya nane au ya tisa dakika ya sitini miguu haipo, watu wanaanza kutafuta mchawi. Mchawi hayupo, mwili umeshuka tu, na umeshuka kwa sababu zinazojulikana kabisa.

Nataka niwaoneshe kwa kutumia mchezo ambao huku hatuna, skii, ile ya kuteremka mlimani kwenye theluji kwa kasi huku unapita katikati ya mageti (nguzo zilizosimikwa kwenye theluji kuonesha njia). Nimeufuatilia huu mchezo muda sasa kwa sababu wale watu hawana ujanja, theluji ikiyeyuka hakuna kucheza, kwa hiyo mwaka wao umekatwa vipande viwili na mtu anaweza kupima mwili wa mchezaji mwezi wa tano, akaupima wa kumi, akaupima wa tatu, akaona waziwazi umepanda lini na umeshuka lini.

Kalenda yao iko hivi. Kombe la Dunia la skii linafunguliwa mwishoni mwa Oktoba pale Sölden, Austria, kwenye barafu ya kudumu iliyo juu kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, halafu linazunguka Ulaya na Amerika Kaskazini mpaka fainali za Machi. Aprili wanapumzika na kujaribu vifaa vipya. Mei wanaingia jimu, na hapo ndo kazi kubwa inapofanyika, Mei mpaka Septemba, vyuma vizito, kuruka, baiskeli masaa mengi, mbio. Katikati ya kiangazi chao wanapanda kwenye barafu za juu kama Zermatt na Saas-Fee kule Uswisi, au Agosti wanahamia kusini mwa dunia, Chile, Ushuaia ya Argentina, New Zealand, ambako muda huo ndo baridi.

Sasa sikilizeni hii. Ukimpima mchezaji wa skii mwezi wa tisa au wa kumi ndo unamkuta yuko juu kuliko muda wote wa mwaka, pumzi iko juu na miguu ina nguvu. Ukimpima msimu ukiwa umekolea, Januari Februari, wakati ndo anashindana kila wiki, mara nyingi pumzi imeshuka na uwezo wa miguu kuvumilia umeshuka, hata kama nguvu yenyewe ya paja imebaki. Yaani kushindana hakumjengi, kunamtumia. Mwili wake ni kihenge, kinajazwa kiangazi na kinaliwa msimu, na kocha mzuri wa skii kazi yake kubwa msimu ukianza ni kuhakikisha kihenge hakifiki chini kabla ya Machi.

Kwanini kushindana hakutoshi? Angalieni muda. Mbio ziko za aina nne. Moja ya slalomu (mageti yamekaribiana, kona fupi fupi) ni dakika moja hivi au chini yake, jayanti slalomu (mageti yameachana zaidi) dakika moja na kidogo, supa-G (kasi zaidi) kama dakika moja na nusu, daunhili (ya kasi kuliko zote) inaweza kufika dakika mbili na nusu kwa ile ndefu kuliko zote, Lauberhorn ya Wengen Uswisi yenye kilomita 4.5 hivi. Slalomu na jayanti slalomu wanateremka mara mbili kwa siku. Kwa hiyo wikiendi nzima mtu anaweza kuwa amefanya kazi kali dakika mbili tatu, zilizobaki ni kusafiri kwenye magari, kukaa hotelini, kukagua njia, kusimama juu kwenye baridi kusubiri namba yake iitwe. Moyo na mapafu vitapata wapi mzigo wa kuvitunza? Dakika mbili za moto haziwezi kufanya kazi ya masaa ya baiskeli.

Mchezaji wetu wa kata naye ni hivyo hivyo. Anacheza dakika 90 lakini nyingi ni kutembea na kukimbia taratibu, siku inayofuata kapumzika, inayofuata kafanya mazoezi mepesi asiumie kabla ya mechi, halafu safari. Hesabuni wenyewe wiki ina mzigo kiasi gani.

Nitaendelea, ulizeni.

Mwana Ujiji

Kaka nimekaa siti ya mbele, mada nzuri. Ila mi nina swali ambalo limenikaa. Mtu anateremka, mlima ndo unamvuta, amevaa mbao zinateleza, sasa anachokaga nini? Wale wa kupanda mlima ningeelewa, au wale wanaoteleza masafa marefu kwenye uwanda. Huyu wa kushuka si anakaa tu na kupinda kushoto kulia?

Kocha wa Isevya

Mwana Ujiji swali lako ndo kiini cha mambo yote, asante kaka.

Misuli inafanya kazi kwa namna tofauti. Ukinyanyuka kutoka kwenye kiti paja linajikunja na kukusukuma juu. Ukikaa taratibu kwenye kiti paja lile lile linafanya kazi ya kukuzuia usidondoke, linavuta huku linarefushwa, linafanya breki. Skii karibu yote ni hiyo ya pili. Kila kona mlima unamsukuma nje, paja linazuia. Kwenye kona kali mzigo anaobeba unapita mara mbili ya uzito wake, na sehemu kubwa unauangukia mguu mmoja, ule wa nje. Slalomu ya wanaume ina mageti 55 mpaka 75, kwa hiyo ni breki sitini na kitu ndani ya dakika moja, na katikati ya hizo breki paja halipati kulegea kwa sababu amechuchumaa muda wote. Misuli ikibana hivyo damu haipiti vizuri, oksijeni haifiki, mwili unachoma sukari bila oksijeni na lakteti, mabaki ya sukari iliyochomwa hivyo, inapanda. Mtu aliyepumzika ana lakteti kama 1 kwenye kipimo cha damu, mcheza skii akifika chini anaweza kuwa na 10 na zaidi. Ndo maana unaona wakivuka mstari wengine wanainama hawawezi hata kusimama wima.

Daunhili ongezea kasi. Pale Wengen mwaka 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa kilomita 161.9 kwa saa. Kwa kasi ile uko umechuchumaa, upepo unakupiga, nundu zinakurusha, na paja likichoka kidogo tu mstari unapotea.

Sasa wewe wa Kigoma hii breki unaijua mwilini kuliko sisi wa Tabora, huku kwetu ni tambarare. Nyie mkishuka kilima kwa mbio mpaka ziwani, kesho yake mapaja ndo yanauma, sio ulipopanda. Kupanda kunakumaliza pumzi, kushuka kunakuumiza paja. Na ukirudia kushuka wiki inayofuata maumivu yanapungua sana maana msuli umeshajifunza. Huo ndo msingi wa mazoezi yao ya kiangazi, wanaufundisha msuli kufanya breki kabla theluji haijaanguka. Timu nyingine zina mpaka baiskeli maalumu zenye mota, pedali zinazungushwa kurudi nyuma na kazi yako ni kuzizuia.

Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma. Mimi nimecheza mpira enzi zetu hapa Tabora na sikuwahi kusikia jimu. Masika tulikuwa tunalima, jembe la mkono, tumbaku na mahindi, tunatembea kwenda shamba na kurudi, kiangazi kikifika tunacheza mpira na hatukuwa tunachoka. Kocha unasema vijana hawajengi mwili, je kulima si kujenga mwili? Nauliza kwa nia njema.

Kocha wa Isevya

Shikamoo mzee wangu. Swali lako halina ubaya wowote na nitakujibu kwa heshima zote.

Kulima kunajenga. Mtu anayelima ekari kadhaa kwa jembe la mkono na kutembea masafa kila siku ana moyo mzuri, mgongo mzuri, mikono mizuri na uvumilivu wa kukaa kazini siku nzima, na kwa vizazi vyenu huo ulikuwa msingi mkubwa sana, mkifika kwenye mpira mnakuta pumzi ipo tayari. Ila mwili unakuwa mzuri kwa kile unachoufanyisha. Jembe halina mbio za mita ishirini za ghafla, halina kusimama ghafla na kugeuka, halina kuruka na kutua kwa mguu mmoja. Hata wacheza skii wanaliona hili, baiskeli inawapa pumzi ya kutosha lakini hawathubutu kwenda kwenye theluji na baiskeli peke yake, lazima waongeze kuruka, skwoti (kuchuchumaa na kunyanyuka) na breki.

Halafu mzee kuna jambo la pili, vijana wa leo wa mjini hawalimi tena kama nyie. Wa Isevya, Kanyenye, Ng'ambo, wengi ni bodaboda, duka, chuo. Masika wamekaa. Mvua za Novemba mpaka Aprili viwanja vimejaa maji, hakuna mazoezi, hakuna shamba, halafu Mei mwishoni mtu anatoka kwenye kiti cha pikipiki moja kwa moja kwenye mechi ya ndondo.

Na mwili unashuka haraka kuliko watu wanavyodhani. Mwanasayansi mmoja wa michezo, Vladimir Issurin, aliyaweka vizuri: ukiacha kulifanyia kazi jambo fulani, pumzi ya masafa na nguvu kubwa ya misuli vinabaki kama siku 30 hivi, uvumilivu wa kazi kali ya dakika moja mbili kama siku 18, uvumilivu wa nguvu kama 15, kasi ya juu kabisa kama siku 5 tu, yaani inatakiwa uiguse kila wiki. Sasa angalia, vinavyoondoka haraka ndo hivyo ambavyo mcheza skii anavihitaji mlimani na winga wetu anavihitaji dakika ya themanini.

Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Hilo la vijana kukaa kwenye pikipiki ni kweli kabisa, naliona.

Mgebuka wa Kibirizi

Mkuu mi nakupinga kidogo. Kama prisizoni, yaani maandalizi kabla ya msimu, ndo kila kitu, mbona Marcel Hirscher, mcheza skii wa Austria, mwaka 2017 alivunjika kifundo cha mguu Agosti, siku za kwanza kwenye barafu, akakosa maandalizi yote, na msimu huo huo akashinda mbio 13 za Kombe la Dunia, akachukua taji la jumla na medali mbili za dhahabu za Olimpiki PyeongChang? Hapo kihenge kilijazwa lini?

Kocha wa Isevya

Mgebuka umeleta mfano mzito na mimi naupenda. Lakini hebu uangalie vizuri. Alichokosa Hirscher ni theluji, hakukosa mwili wote. Mguu mmoja ukiwa umefungwa mtu wa kiwango kile mwenye wataalamu wake anaendelea na mguu mwingine, tumbo, mgongo, na vilevile yule alikuwa anakwenda kutafuta taji lake la saba mfululizo (alimaliza na manane, 2012 mpaka 2019), ana miaka mingi ya kazi mwilini. Mtu aliyejenga miaka kumi akipoteza wiki chache anarudi upesi, hata sayansi inakubali kwamba misuli iliyowahi kujengwa inarudi haraka kuliko kujengwa upya. Na hakurudi akiwa moto siku ya kwanza, Novemba kule Levi alimaliza nafasi ya 17, ushindi ulianza Desemba.

Kijana wa miaka 19 wa ligi ya mkoa hana hiyo miaka kumi. Kwa hiyo Hirscher anatuonesha kwamba akiba ya miaka ina nguvu, na hilo nalikubali kabisa. Haoneshi kwamba unaweza kuishi bila akiba.

Mgebuka wa Kibirizi

Sawa mkuu, hapo kwenye miaka kumi umenipata. Hata huku ziwani wanaovuta nyavu, serikali ilipofunga uvuvi wa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, ziwa lilipofunguliwa wazee wa kazi walirudi wiki ya kwanza wanalalamika mabega, ya pili wako sawa. Wale wageni ndo waliteseka.

Mwalimu Cheyo

Habari zenu kaka zangu na shikamoo mzee wa Reli. Mimi nafundisha netiboli na riadha za wasichana sekondari, nauliza kuhusu magoti. Kila mwaka tukikaribia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwezi wa sita lazima nipoteze mtoto kwa goti, na mara nyingi hajagongwa na mtu, katua vibaya tu au kageuka. Nimesikia wacheza skii nao magoti ndo ugonjwa wao. Je, hili nalo linahusiana na msimu?

Fizio wa Ipuli

Dada Mwalimu hapo ndo kazini kwangu, ngoja nijibu mimi, Kocha ataongezea.

Ni kweli, kwenye skii za kushuka kiungo kinachoumia kuliko vyote ni goti, na jeraha kubwa linaloongoza ni kukatika ligamenti ya mbele ndani ya goti, ile ACL. Lindsey Vonn wa Marekani ilimkuta kwenye mashindano ya dunia ya Schladming 2013, baadaye akastaafu 2019 magoti yakiwa yamechoka, akawekewa sehemu ya goti bandia 2024 na akarudi, Machi 2025 akiwa na miaka 40 akashika nafasi ya pili kwenye supa-G ya Sun Valley. Sitaki mtu asome hapo aseme goti ni jambo dogo, yule ana kila kitu, mtoto wa shule akikatika hapa kupata upasuaji ni safari na pesa nyingi, wengi wanaacha michezo moja kwa moja.

Uhusiano na uchovu upo. Watafiti walipochambua video za ajali za Kombe la Dunia waliona karibu nusu zimetokea robo ya mwisho ya njia, yaani pale miguu imeshachoka. Kuna sababu nyingine pia, lakini paja likichoka breki inachelewa na mzigo unaishia kwenye ligamenti. Na kwa wasichana hatari iko juu zaidi, kwenye mpira wa miguu na wa kikapu ni kama mara mbili mpaka tatu ya wavulana.

Sasa la msimu. Misuli ya nyuma ya paja ndo rafiki wa ile ligamenti, inavuta mfupa wa chini urudi nyuma. Ukiwa umekaa miezi ya mvua hujafanya chochote halafu ghafla kambi ya UMISSETA wiki mbili tatu mazoezi asubuhi na jioni, pumzi inapanda upesi, mtoto anajisikia yuko fiti, anakimbia kwa kasi kubwa, lakini msuli wa nyuma ya paja haujapata wiki za kutosha na ligamenti ndo kabisa zinaimarika taratibu mno. Hapo ndo goti linakwenda. Anza Februari dada, usisubiri Mei. Zoezi moja halihitaji kifaa: mtoto anapiga magoti kwenye mkeka, mwenzake anamshika vifundo kwa nguvu, anashuka kwenda mbele polepole mgongo umenyooka mpaka anashindwa, anajipokea kwa mikono. Anza na mara tatu nne tu, mara mbili kwa wiki, maana siku za kwanza watalia maumivu. Ongeza kuruka na kutua, na utuaji uusimamie mwenyewe, magoti yasiingie ndani. Programu ya mazoezi ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+ imekusanya haya yote ndani ya dakika ishirini na imepunguza majeraha kwa timu zinazoifanya kila mara. Kila mara, sio wiki ya mashindano.

Mwalimu Cheyo

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Februari viwanja vina maji lakini madarasa na korido zipo, nitaanzia humo.

Kocha wa Isevya

Fizio kamaliza. Mi naongezea moja tu kuhusu mtu anayeumia katikati ya msimu, maana hapo makocha wetu wanakosea sana. Mikaela Shiffrin, mcheza skii wa Marekani, alikuwa na ushindi 99 wa Kombe la Dunia, Novemba 30 2024 akaanguka Killington akachomwa na kitu ubavuni, misuli ya ubavu ikaharibika. Alirudi kwenye slalomu mwishoni mwa Januari, Courchevel, akamaliza wa kumi. Ushindi wa 100 aliupata Februari 23 Sestriere. Huyo ni mwanamke mwenye ushindi mwingi kuliko mtu yeyote kwenye historia ya mchezo, lakini alipewa karibu miezi miwili na akarudi kwa hatua. Sisi kijana anachanika msuli Jumapili, Jumapili ya pili yuko benchi, dakika ya hamsini anaingizwa kwa sababu tunafungwa.

Fundi Baiskeli Ngambo

Kocha mi nafuatilia kimya kimya ila swali langu ni la pesa. Wale wana jimu, wana barafu, wana madaktari. Timu yetu ya mtaa mpira wenyewe ni mmoja na umeshonwa. Msimu ukianza tunafanyaje kushikilia mwili bila kuwachosha vijana kabla ya mechi? Maana ukiwakimbiza sana Alhamisi, Jumapili wamekufa.

Kocha wa Isevya

Kaka Fundi, hili swali nilikuwa nalisubiri kwa sababu jibu lake halina gharama na ndo sababu hasa ya kuandika uzi.

Miaka ya 1980 kule Chicago mtafiti Robert Hickson aliwafundisha watu siku sita kwa wiki kwa wiki kumi mpaka pumzi zikapanda sana, halafu akawapunguzia. Kundi moja wakafanya siku chache, mbili tu kwa wiki, pumzi ikabaki kwa wiki kumi na tano. Kundi lingine akawapunguzia muda, kutoka dakika 40 mpaka 13, pumzi ikabaki. Lakini alipowapunguzia ukali wa mazoezi, siku na dakika zikiwa zile zile, pumzi ikashuka. Mnaona? Mwili uliokwisha kujengwa unatunzwa kwa mazoezi machache, mradi yawe makali. Kwa nguvu ya misuli ni hivyo hivyo, kwa mtu aliyekwisha jenga mara moja kwa wiki inaweza kuitunza muda mrefu kama mzigo ni ule ule mzito.

Na sisi tunafanya kinyume kabisa, msimu ukianza tunabaki na siku nyingi za mazoezi mepesi mepesi, kukimbia taratibu kuzunguka uwanja mara kumi. Hayo ndo yanachosha bila kutunza chochote. Wacheza skii wajanja wakishuka mlimani Jumapili wakapumzika Jumatatu, katikati ya wiki wanatafuta jimu ya hoteli wanabeba mzito mara chache, wanaruka mara chache, na siku moja baiskeli ya vipande vikali, basi. Wanaoacha kabisa kwa sababu ya safari ndo unawaona Februari wanashindwa nusu ya chini ya mlima.

Kwa timu yako mechi ikiwa Jumapili, Jumatatu waache walale. Jumatano ndo siku ya kazi: pasheni vizuri, halafu mbio kali za dakika nne, pumzika tatu, rudia mara nne, wakimbie mpaka hawawezi kuongea. Wakimaliza skwoti za mguu mmoja, mwenzake mgongoni kwa wenye nguvu, wengine mfuko wa mchanga, kushuka polepole kwa hesabu ya nne na kupanda haraka. Seti tatu tu. Ijumaa mbio fupi za mita ishirini thelathini kama sita hivi na mapumziko ya kutosha katikati, kasi isipotee, halafu mpira. Jumamosi mbinu na mapumziko. Wiki ya mechi mbili hiyo ya Jumatano unaipunguza nusu ila ukali unaubakiza. Hakuna chuma hapo, hakuna pesa.

Chakula pia kaka, maana wacheza skii kwenye baridi na juu kule wanasahau kula na kunywa, sukari ya misuli inaisha siku za mazoezi na kesho yake wanaamka wazito. Kwetu joto la Septemba Oktoba linafanya kazi hiyo hiyo kwenye maji. Kijana akimaliza Jumatano ale ugali wa kutosha, viazi, ndizi, dagaa wa Kigoma wapo, asilale na chai na andazi.

Mwana Ujiji

Mkuu hivi kuna Mwafrika yeyote kwenye huu mchezo au ni wa wenzetu tu?

Kocha wa Isevya

Wapo tena kwa muda mrefu. Lamine Guèye wa Senegal alishuka Sarajevo 1984, Mwafrika mweusi wa kwanza kwenye skii za Olimpiki. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana alijifunzia kwenye theluji ya ndani ya jengo kule Milton Keynes Uingereza alikokuwa anafanya kazi mapokezi, akafika Vancouver 2010. Na jirani yetu Sabrina Simader kazaliwa Kilifi, Kenya, akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya PyeongChang 2018. Lesotho wana kiwanja cha skii cha Afriski milimani. Tena watu kama Kwame kwao suala la msimu lilikuwa gumu mara mbili, maana bila pesa ya kwenda barafuni kiangazi unabaki na mwili tu kuandaa, theluji unaikuta tayari wenzako wana wiki nyingi juu yake.

Mwalimu Cheyo

Kocha samahani, la mwisho kutoka kwangu. Nitajuaje watoto wamepanda au wameshuka? Sina mashine wala maabara.

Kocha wa Isevya

Dada Mwalimu, saa ya mkononi na uwanja uliopimwa vinatosha. Kuna kipimo cha Kenneth Cooper cha mwaka 1968, mtoto anakimbia dakika 12 kwa uwezo wake wote, unapima mita alizokwenda. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73, unapata kadirio la oksijeni anayoweza kutumia. Aliyekwenda mita 2,400 anapata kama 42, wa 2,800 kama 51. Wacheza skii wa kiume wa juu wengi wanacheza kwenye 50 na kitu mpaka 60, wale wa masafa marefu ndo wanapita 80. Lakini namba ya mtu mwingine isikusumbue, wewe mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe.

Kwa miguu wale wana kipimo chao kizuri sana na hata mimi nakitumia hapa: boksi la mbao la sentimita 40 hivi, mchezaji anaruka juu kutoka upande wa kushoto, anashuka kulia, anarudi juu, anashuka kushoto, sekunde 60 kwa vijana, wakubwa 90, unahesabu mara alizogusa juu. Andika kando hesabu ya sekunde thelathini za kwanza na ya thelathini za mwisho. Mwenye hesabu nzuri mwanzo na inayoshuka sana mwishoni, huyo ana nguvu hana uvumilivu. Kwa watoto wako anza na boksi fupi, sentimita 25 hivi, na Fizio aangalie magoti.

Pima Februari mwanzoni, pima Aprili, pima wiki moja kabla ya UMISSETA, halafu pima tena mashindano yakiisha, hiyo ya mwisho usiiruke kabisa maana ndo itakayokuonesha mashindano yamewala kiasi gani. Andika kwenye daftari la timu, kila jina na namba yake.

Fizio wa Ipuli

Dada nipo Jumamosi asubuhi, nikikuta boksi limeshatengenezwa nitakuja tuanze na madarasa mawili. Fundi Baiskeli, wewe si una mbao?

Fundi Baiskeli Ngambo

Mbao zipo. Nitengeneze mawili, la 25 na la 40, Ijumaa jioni mnayakuta.